Unauza kitu mtandaoni Dar? Hela ipokee hivi

Ukiposti friji au simu usiku, iwe kwenye tovuti ya Jiji, Marketplace ya Facebook au status ya WhatsApp tu, asubuhi unakuta "bado ipo?" za kutosha, na humo ndani wapo ambao hawajaja kununua. Utawajua kwa haraka yao, hawabishani bei kabisa (mteja wa Dar asiyeomba kupunguziwa mtilie mashaka hapo hapo), hawaulizi kitu kina tatizo gani, wanauliza "nakulipaje boss". Sasa jibu la hilo swali uwe nalo kabla hujaposti, usimwachie mteja akuchagulie.

La kwanza kabisa, sms sio hela. Ile "Imethibitishwa umepokea Tsh 350,000 kutoka kwa..." mtu anaweza kuitunga na kukutumia kwa namba ya kawaida, na wajanja zaidi wanatuma kwa jina linalofanana na la mtandao, herufi moja tu imezidi, na wewe ukiwa juani na boda anapiga honi huioni. Skrinshoti ndo kabisa, hiyo hata mtoto wa form one anatengeneza. Kinachohesabika ni salio, na uliangalie mwenyewe: *150*00# kama ni M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (ile Tigo Pesa ya zamani), *150*60# Airtel Money, *150*88# HaloPesa, au fungua apu. Angalia salio kabla mteja hajafika ulikumbuke, akishatuma angalia tena, tofauti ndo hela yako. Akikwambia "mtandao unasumbua ila imeshatoka kwangu", mwambie poa kaka tusubiri, mzigo ukae mkononi kwako mpaka mtandao utulie. Mnunuzi wa kweli atasubiri, tena ataagiza na soda.

Halafu kuna wa "nimezidisha". Anatuma sms ya 400,000 badala ya 350,000, dakika hiyo hiyo anapiga simu analalamika, dada naomba unirudishie hamsini mama anaumwa, na ukirudisha unarudisha hela yako mwenyewe maana ya kwake haikuwahi kuingia. Hata kama imeingia kweli usiirushe kwenda namba nyingine atakayokutajia. Mwambie apige 100 kwa mtandao wake waurudishe muamala kwa utaratibu wao, kama kweli alikosea hilo halimpi shida. Na mtu yeyote anayejiita huduma kwa wateja akataka namba ya siri au akakuelekeza ubonyeze vitu kwenye menyu ili "hela iachiwe", kata simu. Kupokea hela hakuhitaji namba ya siri yako.

Huko kurudisha muamala kuna upande wa pili ambao wauzaji wengi hawaufikirii. Mnunuzi anaweza kukulipa halali kabisa, akachukua mzigo, akifika kwake anapiga 100 anasema nilikosea namba, na kama hela bado ipo kwenye laini yako inaweza kuzuiwa kwanza. Ndo maana mkikubaliana mwambie aandike kwenye WhatsApp kwa maneno yake, nanunua friji fulani kwa shilingi kadhaa, na wewe picha za kitu na meseji zote usizifute. Ukishapokea hela kubwa usiiache ikae kwenye simu, hamishia benki au toa kwa wakala siku hiyo hiyo. Makato yatauma kidogo, ila hilo unalimaliza mapema kwenye bei, mteja atume na ya kutolea.

Sasa utapeli mbaya kuliko yote, kwa sababu hapa hela inaingia kweli na salio linapanda kweli. Unauza PlayStation kwa laki sita. Tapeli anachukua picha zako, anaposti sehemu nyingine kwa laki tano, anapata mteja wa Morogoro huko, anampa namba YAKO alipie. Yule wa Morogoro anakutumia laki tano, tapeli anakwambia "huyo ni mdogo wangu, laki ilobaki nakumalizia jioni", anatuma boda achukue mzigo. Kesho yake aliyetuma hela hajapata kitu, anaenda polisi, na namba iliyopokea ni ya kwako, imesajiliwa kwa alama zako za vidole na NIDA yako. Utajieleza mpaka ukome. Dawa yake ni rahisi tu, jina la aliyetuma lifanane na la unayeongea naye, na lisipofanana ipigie namba iliyotuma hela, muulize "samahani ndugu, hii hela umelipia nini na mzigo anachukua nani?" Akijibu tofauti, usitoe mzigo na usiitumie hiyo hela.

Keshi bado nzuri, watu wanaidharau bure. Kwa kitu cha laki mpaka milioni hivi kutana na mtu sehemu yenye watu na kamera, Mlimani City, sheli kubwa, au vizuri zaidi ndani ya benki, ukihesabiwa wekundu wa Msimbazi zipite kwenye mashine hapo hapo na uziweke kwenye akaunti kabla hujatoka. Noti feki hazipendi kaunta ya benki. Ila usikubali kumfuata mtu "nyumbani" Goba ndani ndani saa moja usiku eti mke wake ndo anashika hela.

Kwa vitu vya mamilioni, gari, kiwanja, jenereta, nendeni wote benki moja mnayotumia, CRDB kwa CRDB au NMB kwa NMB, inahama mkiwa mmekaa hapo na unaiona. Akitoka benki nyingine atakuletea picha ya fomu ya TISS (ile ya kuhamisha hela benki kwenda benki nyingine) ina muhuri na sahihi, imependeza, lakini fomu sio hela, subiri iingie kwenye akaunti yako ndo kadi ya gari itoke mfukoni. Hundi mimi siishauri kwa mtu usiyemjua, inaweza kuonekana imeingia af ikarudi. Anayejiita mzungu yuko nje, anataka kulipa kwa kadi au kakutumia imeili ya "benki" kwamba hela imezuiwa mpaka utume risiti ya usafirishaji, huyo hata usimjibu.

Kwenye boda, tumia boda wako unayemjua, sio aliyetumwa na mteja. Mpange hivi, akifika mteja akague, mteja atume hela kwako moja kwa moja, boda akupigie, wewe angalia salio ndo useme "mpe". Boda asipokee hela na asiamini sms aliyoonyeshwa. Akija boda wa mteja, hatoki na mzigo mpaka salio lipande.

Mikoani ndo kugumu kwa sababu hata mteja anakuogopa wewe, na ana haki. Wa Mwanza hawezi kukutumia laki nne zote kwa picha tu. Ninavyoona inayofaa ni hii: achukue video call akione kitu kikiwaka, alipe advansi inayotosha nauli ya mzigo kwenda na kurudi, mzigo upande basi kwa jina la ndugu au rafiki yako wa kule, mteja aende akague pale ofisi ya basi, amalizie hela, ndugu yako aachie. Kama huna mtu kule, basi alipe yote kabla au biashara ife. Mali kauli kwa mtu wa mtandaoni hapana.

Anayekuletea ujanja sms yake iforwadi 15040, pamoja na namba yake, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo. Ukiwa na wasiwasi kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, piga *106# uangalie. Umeshaibiwa, piga 100 kwanza hela izuiwe kama bado haijatolewa, kila dakika ina maana hapo, af ndo ukachukue RB (namba ya taarifa yako) kituo cha polisi.

Na kitu kikishauzwa ifute posti yako, picha na namba vikibaki hewani ndo hivyo hivyo tapeli anavichukua kumuuzia mtu mwingine kitu ambacho huna tena.