Jinsi ya kujua transfoma kubwa inaumwa kabla haijazimika

Transfoma kubwa za stesheni nyingi huanza kuumwa mapema na dalili zinakuwepo, tatizo vipimo vinaandikwa halafu hakuna anayelinganisha cha leo na cha mwaka jana. Namba moja peke yake haisemi mengi jamani, angalia inavyopanda na kasi yake.

Anza na mafuta yaliyo ndani ya tanki kupoza na kukinga koili, na hapa usifanye haraka. Hitilafu ya ndani ikiyapasha moto au kuyapiga cheche yanatoa gesi ambazo zinabaki zimeyeyuka humohumo. Haidrojeni ikipanda yenyewe fikiria cheche ndogondogo ndani ya insulesheni (kinga inayozuia umeme kuvuja), ethilini ikizidi wenzake kuna mahali pamepata joto kali sana mfano kiungo kilicholegea, na asetilini ndiyo ya kuogopa kuliko zote maana inahitaji joto la juu mno kama la umeme unaoruka, kwa hiyo ikitokea mahali haikuwepo usingoje ratiba, chukua sampuli nyingine upesi.

Ila kabla hujaizima transfoma angalia tepu chenja kwanza, yaani swichi inayobadilisha idadi ya mizunguko ya koili ili kurekebisha volteji. Zile zinazokatia umeme ndani ya mafuta zinatengeneza asetilini kila siku na kwao ni kawaida, sasa sili ikivuja ikaingia tanki kuu utadhani koili zimeungua kumbe wala.

Sampuli yenyewe ndio inaharibiwa sana. Tumia sindano ya kioo isiyopitisha hewa, mwaga kwanza mafuta yaliyolala kwenye valvu, pasibaki povu, ikinge na mwanga, halafu andika joto la mafuta na mzigo wa saa ileile, bila hivyo hutalinganisha kitu. Na kama transfoma ina umeme hakikisha presha ya tanki sio hasi, ukifungua valvu itavuta hewa ndani na hiyo ni hatari kweli.

Halafu kuna karatasi inayozungushiwa waya za koili. Mafuta unaweza kuchuja au kubadilisha, karatasi ikishachoka ndio umri wa transfoma umeisha. Ikiwa mpya kipimo cha urefu wa minyororo ya molekuli zake (DP) kinakuwa kama 1000 hivi, ikishuka kwenye 200 haina nguvu tena. Huwezi kufungua tanki kila mara ukakate kipande, kwa hiyo pima furani kwenye mafuta, kemikali zinazotoka kwenye karatasi ikichakaa, pia angalia gesi ya kabonimonoksaidi. Ukichuja mafuta furani inashuka, tarehe ya kuchuja iandikwe la sivyo utafurahi bure. Joto nalo usilidharau, kwa karatasi ya kawaida IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) wanahesabu kuanzia 98°C kwenye sehemu ya koili yenye joto zaidi, na kila nyuzijoto 6 zikiongezeka inazeeka mara mbili ya kasi.

Silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu wa hewa inayoingia kwenye transfoma, ikibadilika rangi badilisha, ni kazi ndogo na unyevu unaua. Viungo vya nje vipige kamera ya joto wakati mzigo ni mkubwa. Bushingi, vihami vinavyopitisha waya za umeme kwenye ukuta wa tanki, zipimwe kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) na tan delta (umeme unaopotea kwenye insulesheni) ulinganishe na namba za kiwandani, maana bushingi ikipasuka inaweza kuwasha moto transfoma nzima.

Relei ya Buchholz, kifaa kinachonasa gesi inayotoka kwenye mafuta ya tanki, ikipiga alamu, tafadhali usiiriseti ukaendelea na kazi. Transfoma izimwe kwanza, ndipo gesi iliyokusanyika ichukuliwe ikapimwe pamoja na mafuta, na umeme usirudishwe mpaka majibu yaeleweke.