Raki ya bei nafuu kwa seva ya nyumbani: pima kwanza, lipa baadaye

Kazi yangu ni kuvuta nyaya za mtandao hapa Tanga, kwenye maduka, shule na nyumba za wageni. Nyumbani kwangu Makorora nina seva ndogo, yaani kompyuta ya kutunza mafaili, inayowaka usiku na mchana ikiwa kwenye raki, ile fremu au kabati la kupangia vifaa vya mtandao. Inatunza picha za familia, nakala za kazi za wateja, na Wikipedia ya Kiswahili ambayo watoto wa jirani wanaisoma kupitia Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, bila kutumia bando. Wageni wakiiona, swali lao huwa moja: dada, hiyo raki umeipata wapi na ni shilingi ngapi? Nami huwauliza kwanza: kifaa chako kirefu kuliko vyote kina sentimita ngapi kutoka mbele hadi nyuma?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua bei. Upana hausumbui, kwa sababu raki za kawaida zote ni za inchi 19. Uso wa kifaa pamoja na masikio yake, yale mabapa ya pembeni yanayofungwa kwenye nguzo, una milimita 482.6, na uwazi kati ya nguzo mbili za mbele ni kama milimita 450. Kwenda juu tunahesabu kwa U, na U moja ni milimita 44.45, kwa hiyo kabati la 6U lina nafasi ya kama sentimita 27 na la 9U lina sentimita 40. Kinachowaliza watu ni kina.

Kabati dogo la ukutani utaliona dukani limeandikwa 600 kwa 450. Hiyo 450 ni kina kwa milimita, tena ni kipimo cha nje. Toa unene wa mlango, toa nafasi kati ya mlango na nguzo, toa bati la nyuma, halafu fikiria plagi ya umeme inayotokeza nyuma ya kifaa na waya unaotaka kujikunja bila kuvunjika. Mimi huacha sentimita 7 kwa ajili ya plagi na nyaya. Kinachobaki ni sentimita 30 na kitu. Swichi ya mtandao ya bandari 24, yaani kisanduku cha kuchomekea nyaya 24, inaingia vizuri. Kompyuta ndogo zinaingia. Seva ya ofisini haiingii hata ukiisukuma: Dell PowerEdge R720, ambayo watu huiona ikiuzwa mitumba wakaipenda, ina kina cha karibu sentimita 70. Raki ya kuibeba ni kabati la kusimama sakafuni lenye kina cha sentimita 80 au 100, na hapo neno nafuu limeshatoka mlangoni.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kuhusu raki ni kuhusu kompyuta. Piga hesabu ya LUKU. Mashine inayokula wati 150 muda wote inamaliza uniti 3.6 kwa siku, yaani uniti 108 kwa siku 30. Kompyuta ndogo iliyotoka ofisini, aina ya OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny, ikiwa imetulia inaweza kula wati 12 hivi, na kwa siku 30 hiyo haifiki uniti 9. Tena haina kelele, na ukubwa wake ni kama sentimita 18 kwa 18, unene chini ya 4. Mbili zinakaa ubavu kwa ubavu kwenye rafu moja na hewa inapita katikati. Ukichagua mashine ya namna hiyo, raki yako imekuwa ndogo, nyepesi na rahisi kabla hujaingia duka lolote.

Sasa chukua karatasi uorodheshe vitu, kila kimoja na U zake. Kwa nyumba ya kawaida hesabu huwa hivi: swichi 1U, rafu ya ruta na kisanduku cha faiba 2U, rafu ya kompyuta mbili zilizolazwa 2U, kasha la diski mbili pamoja na rafu yake 4U, maana makasha hayo hukaribia sentimita 17 kwenda juu. Jumla 9U. Ongeza U mbili au tatu za kupumulia, uko kwenye 12U. Asiye na kasha la diski ana 5U, na kabati la 6U litambana mapema, achukue 9U. UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, usiihesabu. Betri moja tu ya volti 12 na Ah 7 ina uzito wa kama kilo mbili, na ukiongeza transfoma na kasha lake, huo si mzigo wa kutundika ukutani. Weka chini, juu ya tofali au kipande cha mbao ili maji ya kupiga deki yasiifikie.

Sehemu za kuipata

Kabati jipya la ukutani ndilo rahisi kuliko yote kwa mtu asiyetaka kuhangaika na fundi. Kariakoo yamejaa, na hapa Tanga wauza vifaa vya kompyuta huagiza. Usilinganishe bei ya kabati na kabati. Gawanya bei kwa idadi ya U, utaona mara nyingi 9U inakupa nafasi nyingi zaidi kwa kila shilingi kuliko 6U. Uliza kilichomo: rafu ngapi, nati na skrubu zipo, nguzo za ndani zinasogezwa mbele na nyuma au zimegandishwa? Zinazosogezwa zinakuokoa pale plagi inapogusa bati la nyuma. Rafu ikinunuliwa peke yake ina bei inayoshangaza, hivyo kabati la bei ya chini lisilo na rafu linaweza kukugharimu kuliko la jirani yake lenye mbili.

Mlango wa kioo unapendeza, lakini kwa joto la mwambao naupendelea mlango wa bati lenye matundu. Ukikosa, ung'oe huo wa kioo uuweke uvunguni.

Kabati la mitumba ni bahati nzuri likipatikana. Ofisi zikihama au zikifungwa, makabati huachwa kwa sababu hakuna anayetaka kuyabeba. Nenda na futikamba. Pima kona kwa kona, kutoka juu kushoto hadi chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita chache, kabati limepinda na masikio ya swichi hayatakaa sawa na matundu. Chungulia matundu yenyewe. Kutu ya juu juu inasuguliwa na msasa, ila iliyokula ukingo wa tundu itaachia nati siku ukiweka kitu kizito. Funguo zilizopotea zisikuogopeshe, kufuli hubadilishwa.

Njia ninayoipenda mimi, na ndiyo iliyo sebuleni kwangu, ni fremu ya wazi ya kuchomelea. Fundi wa mageti na grili aliye mtaani kwako anaiweza, mradi umpe vipimo vilivyoandikwa. Nilipompelekea fundi wangu mchoro alisema, "Dada, hii si stendi ya mtungi wa gesi tu?" Nikamwambia, "Ndiyo fundi, ila stendi hii ikikosea milimita tatu haifai." Tukaelewana.

Mpe haya: nguzo nne za chuma cha angle cha inchi moja na nusu, unene milimita 3, uwazi kati ya nguzo za mbele milimita 450, kutoka katikati ya tundu la kushoto hadi katikati ya tundu la kulia milimita 465, kina sentimita 40 kwa vifaa vidogo. Matundu ndiyo penye kazi, kwa sababu hayapishani sawasawa. Kila U ina matundu matatu: kati ya la kwanza na la pili ni milimita 15.9, la pili na la tatu 15.9, na kutoka la tatu kwenda la kwanza la U inayofuata 12.7. Fundi akitoboa kwa nafasi sawa kutoka chini hadi juu, kifaa cha chini kitakubali na cha juu kitakataa. Dawa ni kutafuta nguzo za matundu zilizong'olewa kwenye kabati bovu, mukazifunga kwa bolti kwenye fremu. Mkikosa, toboeni milimita 7, bolti ya M6 ipite na nati ikae nyuma.

Halafu nenda karakana na swichi yenyewe mkononi. Chuma kikichomelewa kinavutika kwa joto, na fremu iliyokuwa sawa mezani inajikunja ikipoa. Mwombe fundi ashike kwa nukta nukta kwanza kwenye kona zote, muweke swichi juu, muiweke katikati, muiweke chini. Ikikaa kote, amalizie. Ikigoma, nukta inakatwa kwa dakika moja, lakini mshono mzima ni vita. Baada ya hapo rangi ya kuzuia kutu, hadi ndani ya matundu. Hewa ya Tanga ina chumvi, na chuma kitupu kinaanza kutoa rangi ya kahawia kabla masika hayajaisha.

Mbao nayo inafaa. Mbao mbili za kusimama, nguzo za matundu zimefungwa kwa skrubu, ubao juu na chini. Iwe mbao iliyotiwa dawa, kwa sababu mchwa hawachagui. Ndugu zetu walioko Ulaya wana njia yao ya mkato: meza ndogo ya IKEA iitwayo LACK, ambayo uwazi kati ya miguu yake unakaribiana sana na upana wa kifaa cha inchi 19, hivyo watu hufunga swichi moja kwa moja kwenye miguu. Ukiwa huko, meza hiyo ndiyo raki ya bei ya chini kabisa kwa vifaa vyepesi. Zipo pia raki za inchi 10, ndogo na nzuri kwa macho, lakini rafu zake hapa kwetu ni za kuagiza, na mimi sinunui kitu ambacho kipuri chake kinapanda ndege.

Na kama huna kifaa hata kimoja chenye masikio ya raki, rafu ya dukani ya angle za matundu inatosha kabisa. Hakuna aliyeandika sheria kwamba kompyuta mbili na ruta lazima zikae kwenye inchi 19.

Kuifunga

Ukutani, gonga kwanza usikilize. Tofali za saruji hushika bolti za kupanuka vizuri. Nyumba za zamani za mawe na chokaa ni jambo lingine: drili inaingia kama kwenye mkate na tundu linamomonyoka. Huko tunafunga kwanza ubao mpana kwa bolti nyingi zilizotawanyika, kisha kabati kwenye ubao. Epuka ukuta unaopigwa na jua la jioni, na acha angalau sentimita 10 juu na ubavuni kwa hewa.

Nati za kubana kwenye matundu ya mraba zinaumiza vidole. Shika nati masikio yake yakiwa kushoto na kulia, ingiza sikio moja, kisha bana la pili kwa ncha ya bisibisi bapa hadi lilie. Nunua nati za ziada. Zinaruka na kupotea chini ya kochi.

Mijusi. Wanapenda joto, wanaingia kwenye kasha la umeme usiku, na mjusi mmoja akigusa panapopita umeme unapoteza mjusi na kifaa. Kwenye fremu ya wazi wanapita bila kukaa. Kwenye kabati, kata wavu wa mbu wa waya uzibe matundu ya kupitishia nyaya, uusafishe vumbi kwa brashi kila unapofagia dari.

Unganisha chuma cha raki na ardhi (earth) ya umeme wa nyumba kwa waya wa kijani na njano, kwenye bolti iliyokwanguliwa rangi. Kama soketi zako hazina ardhi ya kweli, fundi umeme aje kabla ya seva. Vizito viwe chini, vyepesi juu, na swichi iwe pale mkono unapofika.

Ukimaliza, iache iwake siku nzima, kisha saa nane mchana soma joto la diski. Watengenezaji wengi huandika nyuzi 60 kuwa kikomo. Mimi sipendi ipite 50. Ikipita, ondoa mlango wa mbele na usogeze vifaa viachane U moja, upime tena kesho yake saa ile ile, ndipo ufikirie kununua feni.