Mchanga na mwanga kwa tangi la samaki taa wa maji baridi

Potamotrygon motoro, samaki taa wa mito ya Amerika Kusini, hukaa tumbo likigusa sakafu na hujifukia anapopumzika. Basi anza na mchanga: punje laini za mviringo, milimita 0.5 hadi 1. Kokoto zenye ncha humchubua tumbo, na mchubuko hugeuka kidonda.

Kina cha sentimita 3 kinatosha. Tangi la sentimita 200 kwa 90 litahitaji lita 54, takriban kilo 85. Ukizidisha sana, mabaki ya chakula huoza chini pasipo oksijeni. Utaona mabaka meusi na kusikia harufu ya mayai viza.

Mchanga wa fukwe zetu za Afrika Mashariki wenye vipande vya matumbawe na makombe usiutumie kabisa, maana chokaa yake hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) na ugumu wa maji (wingi wa madini yake). Upime kwa siki: ukitoa povu, uache. Unaofaa uoshe nusu ndoo kwa nusu ndoo, hadi maji yatoke maangavu.

Mwanga ni rahisi zaidi. Macho ya samaki huyu yako mgongoni, hivyo mwanga mkali humfanya ajifiche. Chagua taa ya LED inayopunguzwa nguvu, iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, na washa taa ya chumba kwanza, kwa sababu mwanga wa ghafla humshtua akajigonga kwenye kioo. Mimea inayoelea husaidia kuleta kivuli.