SOMO: Kuondoa miwati kwenye chanzo cha maji na kurudisha miti ya asili

Miwati ni miti ya kigeni inayovamia vyanzo vya maji. Vikundi vingi Mufindi na Njombe huikata kwa bidii, na baada ya misimu miwili ya mvua kichaka kinarudi kizito kuliko cha mwanzo. Sababu ni mbegu: hukaa hai udongoni hata miaka 50. Pangeni kazi ya miaka, siyo siku moja ya msaragambo.

1. Pelekeni mpango kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Ndani ya hifadhi ya serikali, hata mti vamizi haukatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

2. Anzeni juu ya kijito mkishuka, maana maji hubeba mbegu.

3. Miche ya miwati ya kimo cha goti ng'oeni kwa mkono udongo ukiwa umelowa, mzizi utoke wote.

4. Miti mikubwa kateni kabla maganda ya mbegu hayajakauka. Kisiki kisizidi sentimita 10, kisha menyeni gome lote kushuka hadi chini ya usawa wa udongo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ukanda mmoja wa gome ukibaki, kisiki huchipua. Kwenye mteremko msing'oe visiki. Mizizi hiyo inashikilia udongo wakati miti ya asili inakua.

5. Msichome matawi. Joto hupasua ganda gumu la mbegu, na mvua ya kwanza huotesha maelfu. Yatandazeni mbali na maji.

6. Pandeni mvua ikishakolea, Desemba. Mashimo sentimita 45 kwa 45, nafasi mita 3 kwa 3. Ekari moja huchukua miche kama 450. Penye unyevu wekeni mivengi, miti ya asili inayopenda maji. Mbegu ya mvengi isianikwe, ikikauka imekufa, isieni mbichi. Kwingine tumieni maotea (miche iliyojiotea yenyewe) ya msitu wa jirani yenye majani mawili hadi manne, yakuzwe kwenye viriba kivulini.

7. Mwaka wa kwanza rudini mara mbili au tatu kung'oa miwati inayoota, kisha kila mwaka mpaka kivuli cha miti ya asili kifunge. Hatua hii ikirukwa, sita za juu ni jasho la bure.

MASWALI

Swali: Wakuu, miwati ndiyo kuni na mkaa wetu. Tukiitoa tutapikia nini?
Jibu: Ndugu, ni kweli, na mti huu una faida yake. Bakizeni shamba la kuni mbali na kijito, upande wa chini ya chanzo. Mkaa msichomee eneo mnalorejesha.

Swali: Visiki vimeshachipua. Tupake dawa ya magugu?
Jibu: Karibu na maji hapana. Vunjeni machipukizi yakiwa laini, menyeni gome lililobaki, mrudie kila mwezi.

Swali: Makete umande unaganda Juni, miche yetu inaungua.
Jibu: Ifunikeni kwa nyasi kavu juu ya vijiti, upande wa mashariki uzibwe ili jua la asubuhi lisiipige ghafla. Nyasi zitolewe Agosti, kabla ya moto wa kiangazi.