Kabla Hujanukuu Habari ya Gazeti Kwenye Utafiti Wako

Kila muhula ukifika katikati, wanafunzi huja kwenye meza ya maktaba na swali lile lile: nitumie gazeti la karatasi au habari za mtandaoni? Ni swali zuri, ila limewahi. Kuna mambo ya kufanya kabla ya kuchagua, na ukiyaruka, hata gazeti lenye heshima kuliko yote halitakutetea mbele ya watahini. Mimi ni mkutubi wa chuo. Nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakichelewa kuhitimu kwa sababu ya jambo ambalo lingezuiwa kwa dakika mbili, na kila mara inaniuma. Kwa hiyo fuata haya.

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla hujafungua simu wala kabati la magazeti. "Vyombo vya habari na uchaguzi" ni mada. "Magazeti ya kila siku yaliwapa wagombea wanawake nafasi kiasi gani kwenye ukurasa wa kwanza?" hilo ndilo swali, na ndilo litakaloamua kama unahitaji karatasi, mtandao, au vyote viwili.

Soma mwongozo wa marejeleo wa idara yako, yaani kanuni za namna ya kuandika vyanzo ulivyotumia. APA, MLA, Chicago, wowote watakaokupa, ufuate wala usibishane.

Jua gazeti linasimama wapi katika kazi yako. Ukichunguza jinsi tukio lilivyoripotiwa, habari yenyewe ni chanzo cha msingi, yaani ushahidi wenyewe unaouchunguza. Lakini gazeti likiandika "watafiti wamegundua", hapo wewe nenda kautafute utafiti wenyewe uusome. Mwandishi wa habari alikuwa na aya chache na muda mfupi, na mara nyingi kinachoachwa nje ni yale masharti na mipaka ambayo mtahini atakuuliza.

Tenganisha habari na maoni. Hapa karatasi ina faida ambayo wanafunzi wa leo hawaijui kwa sababu wengi hawajakaa na gazeti zima mkononi. Gazeti la karatasi linakuonyesha mpangilio: hii iko ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, hii imebanwa ukurasa wa 14 chini ya tangazo la zabuni, hii ni tahariri, hii ni safu ya mtu na picha yake juu, hii ni barua ya msomaji. Uzito ambao wahariri waliipa habari unauona kwa macho. Kwenye simu yote hayo yanayeyuka. Umefika kwenye makala kupitia kiungo ulichotumiwa, na makala ya maoni inafanana kabisa na taarifa ya mwandishi aliyekwenda kwenye tukio. Nimeshika tasnifu zilizonukuu safu ya maoni kana kwamba ni ripoti, sura nzima ikajengwa juu yake. Kabla hujanukuu, panda juu ya ukurasa utafute lebo: maoni, uchambuzi, tangazo lililolipiwa. Na kama swali lako linahusu nafasi na ukubwa wa habari, basi makala moja moja za mtandaoni hazitakufaa. Omba magazeti yenyewe au picha za kurasa zake kamili.

Hesabu vyanzo, usihesabu magazeti. Associated Press ipo tangu 1846 na Reuters tangu 1851, na kazi yao, kama ya AFP, ni kuuza habari ile ile kwa magazeti mengi. Ukikuta magazeti matano yanasema jambo moja kwa maneno yanayokaribiana, tazama mwanzoni au mwishoni kama kuna jina la shirika la habari. Likiwepo, una chanzo kimoja kilichochapishwa mara tano.

Toka nje ya ukurasa kabla ya kuuamini. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi walivyowakalisha mbele ya tovuti wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho hicho. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakasoma kuanzia juu hadi chini, wakavutwa na nembo nzuri na anwani inayoonekana rasmi. Wahakiki walitupa jicho, wakafungua kurasa nyingine pembeni na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti hiyo. Ndio waliofika kwenye jibu sahihi, tena kwa muda mfupi zaidi. Kama wenye uzamivu walipotea, na wewe usijiamini kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye lile ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote: usinukuu ukurasa wa mtandaoni ambao hujauhifadhi mwenyewe.

Kulikuwa na mwanafunzi wa shahada ya pili, msichana makini sana, aliyekuwa akiandika kuhusu taarifa za saa za kwanza za majanga. Alichagua tukio la jengo lililoporomoka. Hoja yake ilikuwa kwamba tovuti za habari, kwa kukimbilia kuwa za kwanza, zilitangaza idadi ya vifo iliyozidi sana ukweli. Alifuatilia siku ile ile, akaandika tarakimu kwenye daftari lake, na kwenye tasnifu akaweka jedwali: jina la tovuti, kichwa cha habari, idadi, kiungo. Jedwali safi, limepangwa vizuri, nililiona mwenyewe. Nakala ya kurasa hakuweka. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Siku ya kutetea, mtahini mmoja alikuja na laptopu. Akafungua kiungo cha kwanza cha jedwali, akaigeuza skrini kumwelekea.

"Binti, hapa wamesema 19. Wewe umeandika 40. Hii 40 umeitoa wapi?"

Akafungua cha pili, 19. Cha tatu ukurasa haupo kabisa. Cha nne kichwa cha habari chenyewe si kile kilichoandikwa kwenye jedwali. Hakuna palipoandikwa kwamba habari ilirekebishwa. Tovuti zilikuwa zimeingiza idadi ya mwisho juu ya ile ya kwanza, kwenye anwani ile ile, kimya kimya. Yule binti alisema kweli tupu, na hoja yake ilikuwa sahihi. Lakini mabadiliko yale yale aliyokuwa akiyachunguza ndiyo yaliyofuta ushahidi wake, na mezani alionekana kama mtu aliyebuni takwimu. Kwa mtafiti hakuna tuhuma nzito kuliko hiyo. Walimrudisha akaandike upya sura ya nne.

Alinijia kesho yake akiwa na lile daftari. "Mama, watasema nimetunga." Tulianza kutafuta. Kurasa chache tulizipata kwenye Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 na shirika la Internet Archive. Zilikuwa zimenaswa saa chache baada ya tukio, na 40 yake ilikuwepo, nyeusi juu ya nyeupe. Nyingine hazikuwahi kunaswa. Kilichotusaidia zaidi kilikuwa kabatini kwetu, magazeti ya karatasi ya asubuhi iliyofuata. Mawili yalikuwa yamechapa 40 kwenye ukurasa wa mbele, na moja lilitoa masahihisho siku mbili baadaye kwenye ukurasa wa ndani. Karatasi haikuweza kujirekebisha ikiwa kabatini. Alizipiga picha kurasa zile, akaziweka kwenye kiambatisho, akafuta safu zote alizoshindwa kuzithibitisha. Jedwali likabaki nusu. Alihitimu, ila kwa kuchelewa, na kwa kazi ndogo kuliko ile aliyoifanya kweli.

Usidhani huyo alikuwa na bahati mbaya ya peke yake. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Jonathan Zittrain na wenzake wa Harvard nao walipima viungo vilivyonukuliwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani wakakuta karibu nusu havipeleki tena kwenye kile kilichonukuliwa. Hiyo ni mahakama yenye makarani na bajeti, sembuse tasnifu yako.

Kwa hiyo fanya hivi, kila ukurasa, siku hiyo hiyo unapousoma. Hifadhi ukurasa mzima kama PDF. Skrinishoti ya kichwa cha habari peke yake haitoshi, kwa sababu mtahini anataka kuona anwani, tarehe na maelezo yote. Andika tarehe na saa uliyousoma. Andika tarehe zote mbili kama zipo, ya kuchapishwa na ya kusasishwa. Kisha upeleke ukurasa huo kwenye Wayback Machine uombe uhifadhiwe, na unakili anwani ya nakala hiyo kwenye marejeleo yako kando ya ile ya asili. Kurasa zinazohitaji malipo mara nyingi hazinaswi vizuri huko, basi hapo PDF yako ndiyo tegemeo. Ukitumia programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, itakuwekea nakala ya ukurasa pamoja na taarifa za marejeleo kwa wakati mmoja, lakini ifungue uhakikishe imenasa makala na si dirisha la matangazo. Faili zipe majina yanayoeleweka: tarehe, chombo, mada. "Dokumenti 7" haitakusaidia mwakani.

Na usitoke hapa ukidhani karatasi haikosei. Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Marekani la Chicago Daily Tribune lilitoka na kichwa kikubwa kikisema Dewey amemshinda Truman kwenye uchaguzi wa rais, wakati mshindi alikuwa Truman. Mafundi wa kupanga herufi walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kwenda mtamboni mapema kuliko kawaida, wahariri wakabahatisha matokeo. Matoleo ya baadaye ya siku ile ile yalibadilishwa. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi waandike na toleo pia kama limetajwa, maana gazeti la tarehe moja linaweza kuwa na kurasa za mbele mbili tofauti. Na ukinukuu habari ya karatasi, soma pia matoleo ya siku kadhaa zinazofuata kutafuta masahihisho. Hapo mtandao una ubora wake. Chombo makini huweka maelezo ya marekebisho chini ya makala ile ile, unayaona papo hapo. Tatizo ni kwamba si vyote vilivyo makini.

Jambo jingine, programu za akili mnemba. Ukiiomba ikutafutie makala za magazeti, inaweza kukuletea kichwa cha habari, jina la mwandishi na tarehe, vyote vikivutia na vyote vya kubuni. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, pamoja na ofisi yao, walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT ambazo hazikuwahi kuwepo. Makala ambayo hujaifungua na kuisoma kwa macho yako isiingie kwenye marejeleo yako. Hata moja.

Weka nakala za kazi yako mahali pawili, na nakala moja isiwe ndani ya begi moja na laptopu. Pakua unachohitaji kutoka hifadhidata za magazeti mapema, kwa sababu vyuo vingi hufunga akaunti yako ya maktaba muda mfupi baada ya kuhitimu. Habari ikikupandisha hasira au kukufurahisha kupita kiasi, ihakiki mara mbili kabla ya kuitumia. Usinakili tafsiri ya mtu mwingine bila kuona maneno ya asili. Magazeti ya zamani yageuze polepole kwa mikono mikavu, yakiwa yamelala mezani. Karatasi yake hutengenezwa kwa rojo la mbao lenye asidi, hugeuka njano na kumomonyoka pembeni, na ukurasa ukichanika hakuna mwingine. Kama kuna mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa hizo, omba hiyo. Na uje mapema katika muhula, kwa sababu mashine za kuisomea huwa chache na wiki ya mwisho kila mtu anazitaka.