Somo: Jinsi ya kusoma mistari na vibao vya njia ya baiskeli

Wakuu, wengi tunaamini kwamba penye picha ya baiskeli barabarani ndipo penye usalama. Imani hiyo inaumiza watu. Anza kusoma mstari, picha ifuate.

Hatua ya 1: Mstari. Mstari mzima kati yako na magari kwa kawaida humkataza dereva kuingia upande wako. Uliokatika humruhusu aingie inapobidi. Kwa hiyo mstari mzima ukianza kukatika, jua mbele kuna makutano au mahali magari yanapoingilia. Weka vidole kwenye breki na mtazame dereva aliye ubavuni mwako, maana anayekata kona macho yake yako mbele, na wewe umo pale kioo chake hakifiki. Binafsi hatua hii naiona kubwa kuliko zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Picha. Baiskeli iliyochorwa pamoja na mishale miwili ya V iliyopinduliwa, bila mstari pembeni, haikupi njia yako peke yako. Inawakumbusha nyote kwamba barabara ni ya pamoja.

Hatua ya 3: Vibao. Nchi nyingi hufuata Mkataba wa Vienna wa 1968, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu alama za barabarani. Duara la buluu lenye baiskeli nyeupe ni njia ya baiskeli. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na baiskeli katikati ni marufuku kupita na baiskeli, hata kama picha haijakatwa kwa mstari. Hapa wengi hudhani wameruhusiwa. Kibao chenye mtu na baiskeli kikigawanywa kwa mstari wa wima, kila mmoja ana upande wake. Kisipogawanywa hivyo, njia ni ya wote, basi mpishe anayetembea.

Rangi ya lami, iwe nyekundu au kijani, hutofautiana kila nchi. Usiitegemee peke yake.

MASWALI

Mkuu, nikikuta duara la buluu ni lazima nipite humo?
Inategemea nchi. Ujerumani ni lazima, Uingereza si lazima. Soma sheria ya mahali unapoendesha.

Njia yetu imechorwa ubavuni kabisa mwa magari yaliyoegeshwa. Nipite wapi?
Kaa mbali na magari hayo kwa upana wa mlango, kama mita 1. Mlango ukifunguliwa ghafla hutapata nafasi ya kufunga breki. Njia ikiwa nyembamba, tazama nyuma kisha toka nje ya mstari, isipokuwa pale sheria inapokulazimisha kubaki ndani. Hapo punguza mwendo sana.

Na gari likiwa limeegeshwa ndani ya njia yenyewe?
Anza kulipita ukiwa bado mbali. Geuka utazame nyuma, nyoosha mkono, subiri upate nafasi, ndipo utoke. Nafasi isipopatikana, simama nyuma ya gari hilo.