Kabla Lori la Vifusi Halijaja

Mwenye ploti akiniita Manyatta au Nyalenda, hapa Kisumu, kubomoa nyumba ya zamani, swali lake la kwanza huwa, "Fundi, lori lije saa ngapi?" Namwambia lori lingoje, mengi ya nyumba hiyo yatatumika tena. Tingatinga likishapita, matofali, lipu na mbao huwa rundo moja, na kulichambua ni gharama juu ya gharama. Bomoa kwa mkono, kuanzia juu: mabati, mbao, milango na madirisha, ndipo kuta.

Lakini kagua paa kwanza. Ukikuta mabati mazito ya kijivu ambayo si ya chuma, huenda ni asbesto. Usiyakate wala kuyavunja. Vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani. Kanuni za taka za Kenya zinaiweka asbesto kati ya taka hatari, kwa hiyo waulize NEMA, mamlaka ya mazingira, ni nani ana leseni ya kuiondoa. Mimi hapo hukusanya vyombo vyangu nikaenda zangu.

Pesa iko kwenye matofali ya kuchoma. Yaliyojengwa kwa udongo hutoka mazima. Yaliyojengwa kwa simiti yana kiburi: mara nyingi mota, yaani ule mchanganyiko wa simiti na mchanga unaoyashikanisha, ni ngumu kuliko tofali, ukipiga ovyo tofali linakatika na mota inabaki. Weka patasi pale mota inapokutana na tofali, gonga kidogo kidogo ukizunguka. Halafu chukua mawili uyagonganishe. Yakilia kama kengele, yaliiva. Likitoa sauti bubu, likwaruze kwa msumari. Likitoka unga, halifai ukuta. Mazuri yasugue kwa brashi ya waya, na kabla ya kujenga yaloweke mpaka mapovu yaishe, la sivyo yatanyonya maji ya mota kabla haijashika. Nayatumia kwa ua, choo au jiko la nje. Ukuta wa kubeba ghorofa sikubali, hata mwenye nyumba akinuna.

Vipande vya matofali na konkriti vipondeponde hadi ukubwa wa ngumi, viende chini ya sakafu. Ukiwa upande wa Nyanda za Kano, ule udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Uchimbe utoke hadi ufike ardhi ngumu, kisha jaza vifusi na maramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila moja. Jasi ya dari isiingie humo. Ikilowa hulegea, na chumvi zake hula simiti.

Mbao: rudisha ncha ya msumari kwa nyundo kwanza, ndipo ung'oe kichwa. Kata palipoliwa na mchwa. Zinazobaki ni za fomu za kumwagia konkriti. Mabati yenye matundu yazungushie saiti. Nondo zilizopinda usizinyooshe kwa ajili ya nguzo wala boriti, chuma hicho kimeshachoka. Ziuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye leseni, na udai risiti.